Grupu la matangazo tu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutangazia ofisi nzima

Ukurasa huu ni wa ofisi, kiwanda, shule au hospitali inayotaka pawe na sehemu moja ambako uongozi unaandika na wafanyakazi wote wanasoma, mazungumzo yasije yakauzamisha ujumbe. Kulifunga grupu, yaani kuwazuia wengine wasiandike, ni kazi ya dakika tano. Kinachochukua muda ni kukubaliana nani ataandika, ataandika nini, na mwenye swali aende wapi. Huko ndiko nimekaa zaidi.

Grupu la matangazo tu ni nini hasa?

Ni grupu au chaneli ambayo wafanyakazi wote wamo, ila wachache walioteuliwa ndio wenye ruhusa ya kuandika. Waliobaki wanasoma, na katika programu nyingi wanaweza kuweka emoji kuonyesha wameona. Ni ule ubao wa matangazo wa pale mapokezi, isipokuwa huu unamfuata mtu mpaka nyumbani kwake.

Tayari tuna grupu la wafanyakazi wote. La pili la nini?

Nitajibu kwa kisa. Mahali nilipowahi kufanya kazi tulikuwa na grupu moja la WhatsApp la watu mia mbili na kitu. Siku moja, saa tano asubuhi, msimamizi aliandika kwamba zamu za walinzi zimebadilishwa kuanzia usiku ule. Hazikupita dakika kumi ikaja taarifa ya msiba: mwenzetu wa stoo amefiwa na mama yake. Kila mtu akatoa pole, na ndivyo inavyopasa. Poleni sana, Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, Bwana ametoa na Bwana ametwaa, na viganja vya dua visivyo na idadi. Ilipofika jioni, tangazo la zamu lilikuwa limefunikwa na jumbe zaidi ya mia.

Mlinzi mmoja, mtu mzima, alikuwa na kawaida ya kuwasha data jioni akishanunua bando. Alipofungua grupu alikutana na msiba, akaandika pole yake, akafunga simu. Usiku akapanda daladala mbili kuja lindoni, akamkuta mwenzake keshashika zamu. Kurudi ikawa shida, usafiri umekwisha, nusu ya njia akaitembea. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa zamu yake mpya, na hakuwahi. Akaandikiwa barua ya onyo. Hoja ya uongozi ilikuwa kwamba tangazo lilitolewa kwenye grupu, na yeye yumo. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia grupu lile. Barua ile niliiona si ya haki siku ile, na bado naiona hivyo.

Pole hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuuweka msiba na ratiba ya zamu kwenye chombo kimoja, kisha kumlaumu aliyeshindwa kuvitenganisha.

Hii si mbinu ya kuwafunga watu midomo?

Inaweza kugeuka kuwa hivyo, na wafanyakazi hawakosei wanapoliuliza swali hili. Nimeona ofisi ikifunga grupu wiki ileile watu walipoanza kuhoji makato ya mishahara. Hapo hakuna teknolojia itakayorudisha imani, maana kila mtu alijua kufuli limewekwa kwa ajili gani.

Kwa hiyo kabla hujafunga mlango mmoja, fungua mwingine. Grupu la mazungumzo liachwe kama lilivyo. Kila tangazo liishie na mstari unaosema swali lipelekwe kwa nani na kwa njia gani: jina la idara, namba ya ofisi, au grupu la maswali. Swali likiulizwa na watu watatu au wanne, jibu lake lirudi kwenye matangazo ili hata aliyeona haya kuuliza alipate. Na mtu aliyeuliza faragha ajibiwe siku hiyohiyo ya kazi. Akikaa siku tatu bila jibu, atajifunza kwamba matangazo yenu ni amri tu, na ataacha kuyasoma kwa moyo.

Kuna pia mambo ambayo hayatakiwi kuanzia humo kabisa. Kupunguza wafanyakazi ni mojawapo. Nchini Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wawakilishi wao. Ujumbe usiojibika hauwezi kuwa mashauriano. Ukubwa wa sheria kando, mtu kuusoma mwisho wa ajira yake ndani ya basi, kwenye kioo cha simu, ni jambo la kumvunjia heshima. Waiteni watu, mkae nao, ndipo tangazo lifuate kama kumbukumbu.

Tuchague programu gani?

Ile ambayo wafanyakazi wenu wanaifungua kila siku bila kukumbushwa. Makao makuu yanaweza kuwa yanaipenda Microsoft Teams, lakini kama madereva na wapishi hawana hata barua pepe ya kampuni, Teams itawafikia waliokaa mezani tu, na hao ndio ambao tayari wana habari. Kwa ofisi nyingi za kwetu jibu la kweli ni WhatsApp. Ambako kila mtu ana akaunti ya kazi, programu za kazini kama Teams, Slack au Google Chat ni bora zaidi kwa sababu mfanyakazi anaingizwa na kuondolewa na kampuni yenyewe, si na mtu mwenye simu.

WhatsApp tunaifunga vipi?

Fungua taarifa za grupu, nenda kwenye ruhusa za grupu, kisha zima ile inayowaruhusu wanachama kutuma ujumbe. Kuanzia hapo maadmini pekee ndio wanaoandika. Uwezo huu upo tangu 2018. Aliyefungiwa ataona chini ya skrini kwamba maadmini tu ndio wanaotuma, na anaweza kumwandikia admini moja kwa moja kutokea hapo hapo. Waonyesheni watu njia hiyo siku ya kwanza, wengi hawaijui. Na ukiwa mipangilioni, zima pia ruhusa ya wanachama kubadili jina na picha ya grupu.

Grupu la kawaida linabeba watu 1,024. Wakizidi hapo, au mkiwa na matawi kadhaa, tumieni Jumuiya, iliyozinduliwa Novemba 2022. Jumuiya inakusanya magrupu mengi chini ya paa moja na kuyaundia yenyewe grupu la matangazo: tawi la Mwanza linabaki na grupu lake, la Tanga na lake, na tangazo la kampuni linawafikia wote kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2024 Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, ilianza kuruhusu wanachama wa Jumuiya kujibu chini ya tangazo. Majibu hayo yanakunjwa pamoja na hayampigii kila mtu kengele, kwa hiyo si mabaya, ila admini ajue yapo na ayasome.

Vitu viwili huchanganywa na hili. Cha kwanza ni orodha ya kutangazia, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 kila mmoja kivyake. Inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na hutajua nani hakuihifadhi. Kwa mambo ya kazi haifai. Cha pili ni Chaneli za WhatsApp, zilizoanza 2023. Hizo ni za umma: mwenye kiungo anafuata, wawe wafanyakazi au washindani wenu, na ujumbe hausimbwi, yaani haufungwi usisomeke na wengine, kama ule wa magrupu. Ni nzuri kwa wateja. Ratiba ya kusafirisha fedha msiiweke humo.

Namba za wafanyakazi zinaonekana na watu wote. Kuna ubaya?

Upo, na unachukuliwa kirahisi mno. Ndani ya grupu la kawaida la watu mia tisa, namba ya binti wa mapokezi inaonekana na wote, wakiwemo wasiomfahamu na watakaokuwa wameacha kazi mwezi ujao. Wanawake wengi wameniambia walianza kupata jumbe za usiku baada ya kuingizwa kwenye grupu la kazi. Hilo peke yake linatosha kuhamia Jumuiya, ambako katika grupu la matangazo wanachama hawaoneshwi namba za wenzao wasioshiriki nao grupu lingine. Telegram, Slack na Teams hazina shida hii: chaneli ya Telegram haiwaonyeshi wafuasi kwa wafuasi, na programu za kazi humtambulisha mtu kwa jina na akaunti ya ofisi.

Sheria nayo inahusika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda inayo yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya simu ni taarifa binafsi. Mfanyakazi aliitoa ili ofisi impate, si ili igawiwe. Mjulisheni kabla ya kumwingiza, na mwambieni grupu ni la nini.

Telegram je?

Chaneli za Telegram, zilizokuja 2015, zimeundwa kwa kazi hii hasa. Idadi ya wafuasi haina kikomo, maadmini peke yao ndio wanaandika, na mtu mpya anayaona matangazo yote ya nyuma tangu la kwanza. Hili la mwisho ni kubwa: mfanyakazi aliyeajiriwa jana anaweza kusoma utaratibu wa likizo uliotangazwa Januari. Ifanyeni chaneli iwe ya faragha, ya kuingia kwa kiungo cha mwaliko. Udhaifu wake ni mmoja tu: kama watu wenu hawana Telegram, mtatumia miezi mkiwasihi waipakue.

Tunatumia Slack. Tufunge #general au tufungue chaneli mpya?

Fungeni #general, ile chaneli ya wote ya Slack. Kila mwanachama kamili yumo humo tangu siku anaingia na hawezi kutoka, kwa hiyo ile kazi ya kuhakikisha hakuna aliyesahaulika mmeshafanyiwa. Mmiliki wa eneo la kazi la Slack (workspace) anaingia mipangilioni na kuchagua nani anaruhusiwa kuandika humo. Mnaweza pia kuibadili jina iitwe matangazo. Soga zihamie kwenye chaneli yake yenyewe. Kufunga chaneli nyinginezo ni jambo la mipango ya kulipia.

Amueni mapema kuhusu nyuzi, yaani majibu yanayoning'inia chini ya tangazo. Mimi huziacha wazi kwa kampuni ndogo, maana swali linaulizwa palipo na habari na jibu linabaki hapo. Penye mamia ya watu, zifungeni na mtaje chaneli ya maswali. Jambo lingine la kukumbuka kwa walio kwenye mpango wa bure: jumbe zenye zaidi ya siku 90 hazionekani tena. Sera ya likizo ikiandikwa humo pekee, baada ya miezi mitatu haipo.

Na Microsoft Teams?

Hapa kuna mtego ninaoukuta kila nikiitwa. Teams ina namna ya kuandika ujumbe wenye kichwa kikubwa na rangi nyuma yake, inayoitwa tangazo. Watu huichagua wakadhani wamefunga chaneli. Hawajafunga chochote, wamependezesha maandishi tu, na yeyote anaweza kujibu au kuanzisha lake chini yake.

Ruhusa ziko kwingine. Katika chaneli kuu ya timu, mmiliki anaingia kwenye usimamizi wa chaneli na kuchagua kwamba wamiliki pekee ndio waandike. Katika chaneli nyingine za kawaida unawasha usimamizi wa ujumbe, unataja wasimamizi, kisha unaamua kama wanachama wanaweza kujibu. Chaneli za faragha hazina usimamizi huu, msizitumie kwa kazi hii.

Kwa kampuni isiyozidi watu 10,000, msimamizi mkuu wa mfumo anaweza kuunda timu ya shirika zima. Akaunti mpya ikifunguliwa mtu anaingia mwenyewe, ikifungwa anatoka mwenyewe. Kwa yeyote aliyewahi kukaa usiku akilinganisha orodha ya mishahara na orodha ya grupu, hii ni nafuu kubwa.

Google Chat na barua pepe?

Unapounda nafasi mpya Google Chat, chagua aina ya matangazo badala ya ushirikiano, na wasimamizi wa nafasi ndio watakaoandika. Kwa barua pepe, Google Groups ina mpangilio wa matangazo pekee: wafanyakazi wanapokea, wasimamizi wanatuma.

Msiruke hatua hiyo ya kufunga orodha ya barua pepe. Novemba 2016, huduma ya afya ya Uingereza, NHS, ilipata tabu kwa sababu barua moja ya majaribio ilikwenda kwa orodha ya watu zaidi ya 800,000. Waliopokea wakaanza kujibu kwa wote wakiomba waondolewe, wengine wakajibu kwa wote wakiomba watu waache kujibu kwa wote, na mfumo mzima ukalemewa. Mwaka 2020 Microsoft iliongeza kinga dhidi ya balaa hilo katika huduma yake ya barua, ila mwanzoni kinga ilikuwa inazinduka pale jumbe kumi za namna hiyo zinapokwenda kwa watu zaidi ya 5,000 ndani ya saa moja. Ofisi ya watu 300 haifiki hapo, na watu 300 wanatosha kabisa kuvuruga siku ya kazi.

Nani apewe ruhusa ya kuandika?

Wachache, lakini wasipungue wawili. Akiwa mmoja, siku anaumwa ndiyo siku bomba litapasuka ghorofani. Wakifika kumi, kila mkuu wa idara ataleta lake: kikombe kilichopotea, gari lililoziba njia, mkutano wa watu sita. Mimi napenda watatu: mtu wa utumishi, mtu wa uendeshaji, na mmoja wa TEHAMA kwa ajili ya hitilafu za mifumo. Mkurugenzi si lazima awemo. Akiwa na la kusema, litapita kwa hao, na litasomwa na jicho la pili kabla ya kutoka.

Walioteuliwa wawe na kanuni moja ya kupima: je, tangazo hili linamhusu walau kila mtu wa tawi, au kuna mtu atakayepata hasara asipoliona leo? Likishindwa mtihani huo, liende kwenye grupu la idara.

Admini awe na simu yenye nywila na uthibitishaji wa hatua mbili. Chaneli ambayo watu wamezoea kuiamini ndiyo tapeli anaitamani kuliko zote. Ujumbe mmoja wa "thibitisheni namba zenu za mshahara hapa" kutoka humo utawaumiza watu wengi kwa muda mfupi. Tangazeni mapema kwamba ofisi haitaomba namba ya siri wala taarifa za benki kupitia humo, kamwe.

Ni lini tumpigie kila mtu kengele?

Slack ina @channel inayowaarifu wote na @here inayowaarifu walio hewani wakati huo tu. Teams inakuruhusu kuitaja timu au chaneli nzima. Zitumieni kwa jambo la saa ileile: moto, mafuriko ya barabara ya kuja kazini, mfumo wa malipo kuanguka. Kwa jambo la wiki ijayo andikeni kimya, watu watalikuta. Simu inayolia bila sababu hunyamazishwa, na ikishanyamazishwa, ya moto nayo haitasikika.

Vilevile tazameni saa. Tangazo la saa tano usiku linamfanya mtu aamke akidhani kuna janga. Programu nyingi za kazini zina uwezo wa kupanga ujumbe utoke baadaye. Uandike usiku, utoke saa mbili asubuhi.

Tangazo zuri linaandikwaje?

Jambo lenyewe liwe mstari wa kwanza, kwa sababu huo ndio unaoonekana mtu akiwa hajafungua simu. Angalia hili, ambalo mfano wake kila mmoja ameshalisoma:

"Uongozi unapenda kuchukua fursa hii kuwataarifu wafanyakazi wote kwamba kufuatia maboresho yanayoendelea katika miundombinu ya umeme na kwa kuzingatia usalama wa wafanyakazi…"

Mpaka hapo msomaji hajui kitu. Sasa hili:

"Jumamosi tarehe 14 hakuna kazi Jengo B. Umeme utazimwa kutwa nzima. Jengo A kazi kama kawaida. Wa zamu ya usiku ya Ijumaa mtoke saa 11 alfajiri badala ya saa 1 asubuhi. Swali: ofisi ya uendeshaji, au grupu la Maswali."

Hakuna aliyedharauliwa, na fundi anayesoma akiwa ameshika ngazi kwa mkono mwingine ameelewa. Saa ziandikwe kwa Kiswahili na kipindi chake cha siku. Kampuni zenye wageni hupata ajali hapa: mmoja anasoma saa 2 akadhani ni alasiri, mwingine anajua ni asubuhi. Andikeni "saa 2 asubuhi" kila mara, hata pale inapoonekana haihitajiki.

Barua rasmi yenye mhuri tuipige picha tuiweke?

Wekeni, ila isiende peke yake. Picha ya barua haitafutiki: mtu akitafuta neno "likizo" baada ya miezi miwili hataipata. Inakula bando, na kwenye simu ya kioo kidogo herufi hazisomeki hadi uvute na kusogeza. Andikeni kiini chake kwa mistari mitatu, kisha mwambatishe barua kwa anayetaka kuona mhuri. Ujumbe wa sauti nao ni hivyohivyo, ingawa una faida kwa asiyesoma vizuri. Nikilazimika kuchagua, natuma maandishi pamoja na sauti fupi inayosoma maandishi yaleyale.

Tuandike kwa Kiingereza au Kiswahili?

Andikeni kwa lugha ambayo mfagizi, mlinzi na mhasibu wote wanaielewa. Kama kuna wafanyakazi wageni, Kiswahili kiwe juu na Kiingereza chini, ndani ya ujumbe uleule. Tangazo la usalama lililoandikwa kwa Kiingereza pekee, mahali ambapo wanaoshika mashine wanazungumza Kiswahili, halijatangazwa. Nalisema kwa uzito kwa sababu nimeona maelekezo ya kemikali yakitumwa hivyo, na waliotakiwa kuzishika wakiomba wenzao wawatafsirie kwenye korido.

Wasio na simu janja, au wasio na bando?

Hawa wasisahaulike hata kidogo, na mara nyingi ndio wanaoumia tangazo likiwapita. Ubao wa ukutani ubaki. Tangazo la grupu lichapwe na kubandikwa siku hiyohiyo. Msimamizi wa zamu alisome kwa sauti watu wanapokabidhiana. Kwa jambo la dharura, SMS inafika kwenye simu yoyote. Na kama kuna uwezo, wekeni Wi-Fi ya wafanyakazi karibu na lango au kantini. Anayeingia tu, simu yake inapokea kila kitu.

Tutajuaje watu wamesoma?

Kwenye grupu la WhatsApp, aliyetuma abonyeze ujumbe kwa muda na kuangalia taarifa zake: ataona waliosoma na waliofikiwa tu. Hata aliyezima alama za bluu huonekana kwenye magrupu. Telegram inaonyesha idadi ya waliotazama, bila majina. Slack haina alama za kusomwa. Teams inazo kwenye soga za watu wasiozidi 20, chaneli hazina.

Tumieni taarifa hizo kuwatafuta ambao hawajafikiwa, msizitumie kama ushahidi wa kumwadhibu mtu. Mnaweza kuomba emoji moja ya kukiri, kwa yale matangazo machache yenye uzito. Penye suala la nidhamu au usalama, sahihi kwenye karatasi bado ndiyo yenye nguvu. Huenda onyo alilopewa yule mlinzi lisingeandikwa kama kuna mtu angefungua ile taarifa ya ujumbe na kuona kwamba tangazo lilimfikia jioni, pamoja na jumbe zaidi ya mia.

Misiba na harusi viende wapi?

Msiba wa mfanyakazi utangazwe: nani, lini, mazishi wapi, gari la ofisi linaondoka saa ngapi, mchango anapokea nani. Hayo ni matangazo kamili. Pole ziende kwenye grupu la mazungumzo, au zimwendee mfiwa mwenyewe, ambako atazisoma. Kadi za harusi na michango yake ziwe na grupu lake, na mtu aingie kwa hiari.

Mtu akiacha kazi?

Aondolewe siku ileile anayokabidhi kitambulisho. Kwenye WhatsApp na Telegram hili linafanywa kwa mkono, kwa hiyo liandikwe kwenye fomu ya makabidhiano pamoja na funguo na kompyuta. Akiwa alikuwa admini, ondoa uadmini kwanza, kabla ya mazungumzo ya kuagana hayajaanza.

Tumetuma kimakosa. Tufanye nini?

WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, na kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na zaidi kidogo. Kosa la herufi, hariri. Kosa la tarehe au kiasi, usihariri kimya kimya, kwa sababu aliyesoma mara ya kwanza hatarudi kusoma tena. Tuma tangazo jipya linaloanza na neno SAHIHISHO, taja kilichokosewa na kilicho sahihi, kisha futa la zamani. Na kama limebeba taarifa za mtu, mshahara wake au ugonjwa wake, lifute kwanza, halafu mpigie simu mwenyewe umweleze na umwombe radhi kabla hajasikia kwa mwingine.